Ziara ya darasa na mwalimu mgeni wa Kiingereza mkoani Tanga: Amboni, Tongoni, mjini au Amani?

Shule ikipata mwalimu wa Kiingereza kutoka nje, awe wa kujitolea au wa mkataba, haupiti muda kabla mtu hajataja Mapango ya Amboni. Yanatajwa kwa sababu ndilo jina ambalo kila mtu analijua. Lakini ziara ya Kiingereza haipimwi kwa ukubwa wa jina. Inapimwa kwa dakika ambazo kila mwanafunzi amefungua kinywa. Watoto 45 wakimfuata muongozaji kwa saa mbili, yeye peke yake ndiye anasema, wametembea vizuri na wameona mengi, ila Kiingereza chao kimebaki pale kilipokuwa.

Ndiyo maana hapa tunazilinganisha ziara nne kwa swali moja: ni wapi mwanafunzi anapata jambo la kumweleza mwalimu, jambo ambalo mwalimu kweli halijui? Hicho ndicho anacholeta mwalimu mgeni ambacho mwalimu mwenyeji hawezi kukileta. Mwalimu wa Tanga akiuliza mkonge unasindikwaje, mtoto anajua anatahiniwa. Mgeni akiuliza, anataka kujua. Mgeni njoo, mwenyeji apone: hapa mwenyeji anapona kwa kulazimika kueleza. Kwa hiyo msimpe mgeni kitabu cha historia ya mahali siku tatu kabla ya safari. Mwelezeni usalama, ratiba na adabu za mahali. Mengine ayapate kutoka kwa wanafunzi.

| Ziara | Umbali kutoka mjini | Muda wote | Idadi inayofaa | Kinachoiharibu zaidi |
|---|---|---|---|---|
| Mapango ya Amboni | km 8 hivi, kaskazini | saa 4 | 45, makundi matatu | kusubiri nje |
| Magofu ya Tongoni | km 17 hivi, kusini | saa 4 hadi 5 | 45 kwa pamoja | jua na ukosefu wa kivuli |
| Mjini kwa miguu | hakuna | saa 3 | 30 hadi 45 | kutawanyika |
| Msitu wa Amani | karibu km 70 | siku 2 | 20 hadi 25 | barabara ya mlimani wakati wa mvua |

Makaratasi kwanza

Haya ni yale yale popote mtakapokwenda. Mnahitaji barua ya mkuu wa shule yenye muhuri, kibali kutoka ofisi ya elimu ya halmashauri, na fomu ya ridhaa iliyosainiwa na mzazi au mlezi wa kila mtoto. Orodha ya majina iwe nakala tatu: moja kwa kiongozi wa msafara, moja ndani ya gari, moja inabaki shuleni. Kwenye fomu ya ridhaa ongezeni mistari miwili ambayo shule nyingi huisahau. Wa kwanza ni wa afya: pumu, selimundu, kifafa, mzio. Wa pili ni wa picha. Mwalimu mgeni atapiga picha, na kuna wazazi wasiotaka sura ya binti yao ionekane mtandaoni. Ni haki yao. Ulizeni kabla ya safari, kwa sababu picha ikishasambaa hairudi.

Gari la kukodi liwe na kibali cha kukodiwa kutoka LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini, hasa kama ni daladala au kosta iliyosajiliwa kwa njia nyingine. Trafiki akilisimamisha gari halina kibali, anayechelewa ni mtoto. Tena iwe levo siti. Kosta moja hubeba kama watu 28 wakiwa wamekaa wote, kwa hiyo darasa la watoto 45 na walimu wanne ni kosta mbili au basi moja kubwa. Kubanana "kwa sababu ni karibu tu" ndiko kunakoleta kutapika, ugomvi na faini.

Kwa mwalimu mgeni kuna la ziada. Vivutio vya serikali hutoza raia na wageni viingilio tofauti, na baadhi vina daraja la katikati la mgeni mwenye kibali cha ukaazi. Kosa la kawaida ni kupiga bajeti yote kwa bei ya mwanafunzi raia, halafu getini mgeni anadaiwa peke yake kiingilio cha watoto wengi, na fedha ya chakula inachotwa hapo hapo. Ulizeni bei ya kila daraja wiki moja kabla, na mhakikishe kama kodi ya ongezeko la thamani imo ndani ya bei au inaongezwa juu. Mgeni abebe kibali chake cha ukaazi na nakala ya pasi. Bila kibali mkononi atahesabiwa kama mtalii. Malipo mengi ya serikali hupitia namba ya kumbukumbu yenye tarakimu 12, na mnalipia kwa simu au benki. Iombeni na kuilipia siku moja kabla. Mtandao ukigoma mkiwa getini, mtaunguzwa na jua saa nzima na hakuna wa kumlaumu.

Amboni: pazuri, lakini panataka mpangilio

Mapango yako upande wa Kiomoni, mnaingilia kutoka barabara ya Horohoro. Ni miamba ya chokaa inayokadiriwa kuwa na umri wa miaka milioni 150, iliyolika kidogo kidogo kwa maji. Ndani kuna giza, joto na unyevu, na miamba iliyojichonga maumbo ambayo waongozaji wameyapa majina: meli, sofa, mamba, mlima Kilimanjaro. Kuna popo. Kuna sehemu za kuinama, na sehemu za kupita ubavu ubavu.

Kwa Kiingereza, uzuri wa Amboni ni wa aina mbili. Kwanza, vihusishi. Darasani mtoto anakariri juu ya, chini ya, katikati ya, kupitia. Pangoni mwili wake wenyewe unapita chini ya mwamba na katikati ya kuta mbili, na neno linaingia pamoja na mwendo. Pili, hadithi. Wenyeji husimulia kwamba mapango yanatokeza Mombasa, wengine husema Kilimanjaro. Husimulia pia habari za Osale Otango na Paulo Hamisi, waliojificha humo miaka ya 1950 wakisakwa na serikali ya kikoloni. Utafiti wa mwaka 1994 ulionyesha kwamba ni mapango kumi yaliyo mbalimbali, na refu kuliko yote halizidi mita 900 hivi. Hapo mwalimu ana somo zima la kauli ya taarifa: watu wanasema nini, nani kamwambia nani, na kipi kimethibitishwa. Kidato cha tatu wanaliweza vizuri. Kidato cha kwanza watakwama kwenye kubadilisha nyakati, na msiwalaumu.

Tatizo la Amboni ni idadi. Kundi likizidi watu 15, walio nyuma hawasikii wala hawaoni. Sauti inarudi ukutani, tochi ni chache, na muongozaji analazimika kurudia kila kitu. Darasa la 45 ni makundi matatu, kila kundi dakika 45 ndani. Ukijumlisha ni saa mbili na robo, na wakati wote huo watoto 30 wako nje. Wasipokuwa na kazi watateremka mto Mkulumuzi kuogelea. Hilo msiliruhusu hata kwa dakika tano.

Dawa yake ni kuyageuza makundi kuwa mnyororo. Kundi la kwanza likitoka, kila mwanafunzi anampata mwenzake wa kundi la pili na kumweleza kwa Kiingereza mambo matatu aliyoyaona. Mawili ni kweli, moja ni la uongo. Kundi la pili linaingia likiwa na kazi ya kulisaka lile la uongo, na likitoka linafanya vivyo hivyo kwa kundi la tatu. Mwalimu mgeni asiingie na kundi la kwanza. Abaki nje, aingie na la tatu, ili mpaka wakati huo awe amesimuliwa mara mbili na bado hajui aamini lipi. Mpango huu ukifuatwa, kule kusubiri nje ndiko kunakozaa maneno mengi kuliko pangoni kwenyewe.

Elewaneni na muongozaji mapema. Akimwona Mzungu kundini hubadilisha lugha na kumwaga maelezo ya Kiingereza aliyoyazoea, kwa kasi ile ile ya watalii, na watoto wanaachwa njiani. Mwombeni aeleze kwa Kiswahili, kwa vipande vya dakika tatu tatu, kisha anyamaze. Katika ule ukimya wanafunzi wanamfasiria mwalimu wao. Waongozaji wengi hukubali wakielezwa sababu, na wengine hulifurahia sana jambo hili.

Mahitaji: tochi moja kwa kila watoto watano, betri mpya, viatu vya kufunga. Ndala zinateleza kwenye mwamba wenye unyevu, na ajali nyingi za humo huanzia mguuni. Mwenye pumu asiingie sehemu zenye popo wengi, kwa sababu vumbi la kinyesi chao linabana kifua. Mpeni kazi ya maana nje, mathalani kuwa mwamuzi wa yale mambo matatu, na dawa yake ya kuvuta awe nayo mkononi, isibaki ndani ya gari. Pia humo kuna mahali pa mzimu ambapo watu huacha sadaka. Mgeni aambiwe mapema kwamba pale hapaguswi wala hapachekwi.

Tongoni: padogo, kimya, na panapozungumzisha

Kwa madarasa mengi ya Kiingereza, Tongoni inaishinda Amboni. Tunajua wengi hawatakubali, kwa kuwa Tongoni kuna "magofu tu". Lakini udogo ndio faida yake. Darasa zima linakaa ndani ya eneo moja la wazi, mwalimu anawaona wote, hakuna giza, hakuna foleni, na watoto 45 wanaweza kuongea kwa wakati mmoja bila kusumbuana.

Mnashika barabara ya Pangani, na baada ya kilomita 17 hivi mnakata kushoto kuelekea baharini. Hapo pana msikiti uliobomoka wa karne ya 14 au 15 na makaburi yapatayo 40, mengi yakiwa na nguzo. Ni miongoni mwa mikusanyiko mikubwa kabisa ya makaburi ya nguzo katika pwani yote ya Afrika Mashariki. Kwenye baadhi ya nguzo mtaona mashimo ya duara. Humo yalipachikwa mabakuli ya kauri kutoka Uchina. Mabakuli hayapo tena, mashimo yapo. Mwacheni mtoto aingize mkono wake shimoni, aone kina chake, kisha ajaribu kumweleza mtu asiyejua kitu hicho kilikuwa nini, kilitoka wapi na kilifikaje hapa. Atahitaji kauli ya kutendwa bila kuambiwa: kilitengenezwa, kililetwa kwa jahazi, kikapachikwa, kikaibwa au kikavunjika. Hakuna mahali Tanga panapoidai sarufi hiyo kwa uwazi namna hii. Kila kitu Tongoni kilijengwa, kilizikwa au kiliachwa, na aliyekifanya hajulikani jina.

Hapo ndipo linapojitokeza kosa moja la wazungumzaji wa Kiswahili, nalo mwalimu mgeni huwa halielewi linatoka wapi. Mtoto atasema “The wall it was built”. Kiswahili hudai kiambishi cha kiima kwenye kitenzi hata kiima chenyewe kikiwa kimetajwa: ukuta *u*lijengwa. Mtoto anaihamisha ile u. Mwalimu mwenyeji amweleze mgeni jambo hili njiani, ndani ya gari, kwa dakika mbili. Akilijua, ataacha kulisahihisha kila mara na kumkata mtoto kauli. Atalihifadhi alifundishe mara moja, vizuri, kesho yake.

Kuna na simulizi ya bahari. Aprili 1498, katika safari ya Vasco da Gama, meli ya São Rafael ilikwama kwenye miamba ya pwani hii. Januari 1499, wakati wa kurudi, mabaharia waliobaki hawakutosha kuendesha meli zote, na São Rafael ikachomwa moto. Igaweni simulizi hii vipande vinane kwenye vikadi, kipande kimoja kwa kila kundi, kisha wasimame kwa mpangilio wa matukio kwa kuulizana tu, bila kuonyeshana vikadi. Inachukua dakika 20 na kila mtu anasema.

Vifaa ni vya bei ndogo: futi za fundi cherehani nane, kila moja sentimita 150, tepu moja ya seremala ya mita tano, na karatasi ngumu za kuandikia. Kila kundi la watoto watano au sita lipewe kaburi moja. Walipime urefu, upana na kimo cha nguzo, wachore, na waandike sentensi nne ambazo zitamwezesha mwalimu mgeni alitambue kaburi lao miongoni mwa mengine bila kuonyeshwa kidole. Kisha mwalimu anazunguka na karatasi zao. Asipolipata kaburi, sentensi zinarekebishwa. Karatasi ya maswali 20 msiipeleke. Mtoto mmoja ataijaza na wengine 44 watanakili. Nguzo zisiegemewe wala zisipandwe. Ni matumbawe na chokaa vya miaka mia tano na zaidi.

Ubaya wa Tongoni ni jua. Kivuli ni kidogo, na kufikia saa tano na nusu watoto wanakuwa wamechoka na hasira ziko karibu. Ondokeni shuleni saa moja na nusu asubuhi, mfike saa mbili na robo, mmalize saa tano. Msitegemee kwamba kuna vyoo vya kutosha watu 45. Ongeeni na msimamizi wa kituo, au shule ya jirani, siku chache kabla. Na kwa kuwa ni msikiti na makaburi, mavazi yawe ya heshima. Mwalimu mgeni wa kike akiwa na khanga begani atakuwa amejisitiri na amejikinga na jua kwa mara moja.

Mkiwa kwenye barabara hiyo hiyo, Machui ipo, alikozikwa Shaaban Robert mwaka 1962. Alizaliwa 1909 si mbali na hapo. Kwa darasa la lugha, kituo cha nusu saa kaburini kwake kina maana yake: wanafunzi wanamweleza mgeni ni nani huyu na kwa nini tunamheshimu, na hapo hakuna anayehitaji kulazimishwa. Ombeni ruhusa kwa uongozi wa kijiji kwanza.

Mjini kwa miguu: ya kidato cha kwanza

Kidato cha kwanza wametoka shule ya msingi walikosomeshwa kila kitu kwa Kiswahili, na ghafla masomo yote ni kwa Kiingereza. Hawa hawahitaji kwenda mbali. Wanahitaji kutaja vitu wanavyovijua. Tanga mjini pana stesheni ya reli iliyoanza kujengwa 1893 na kufika Moshi 1911, pana mnara wa saa, bandari, soko, na boma la zamani lenye makumbusho ya Urithi. Gharama ni maji na kiingilio cha makumbusho basi.

Kazi yao iwe kumwongoza mgeni. Kila kundi la watoto watano lipange njia ya dakika 15 kati ya vituo viwili na kumpitisha kwa maelekezo ya Kiingereza tu. Wakimwambia kushoto akaenda kulia kwa sababu walikosea, asisahihishe, aende. Watamrudisha wenyewe, tena kwa sauti.

Kwa vidato vya juu, Novemba 1914 inatosha kwa mjadala. Waingereza walishuka hapa na askari zaidi ya 8,000, wengi kutoka India, wakashindwa na kikosi cha Paul von Lettow-Vorbeck cha askari wapatao 1,000. Nyuki waliochokozwa na risasi waliwashambulia askari vitani, na baadaye yakazuka madai kwamba Wajerumani waliwatega makusudi. Ligaweni darasa pande mbili.

Mjini hatari ni kutawanyika na bodaboda. Mwalimu mmoja kwa kila watoto kumi, sare kamili, kuhesabu kila mnapovuka barabara. Na isiwe Ijumaa, au mmalize kabla ya saa sita mchana ili wanaokwenda kuswali wasikimbizane na ratiba. Hilo linahusu ziara zote nne.

Amani: kwa klabu, si kwa darasa zima

Msitu wa Amani, Usambara Mashariki, ni mahali pa pekee. Bustani ya mimea ilianzishwa na Wajerumani 1902, hifadhi ya mazingira asilia ikatangazwa 1997, na sasa iko chini ya TFS, wakala wa serikali wa misitu. Ua la Saintpaulia ambalo leo limejaa madirishani Ulaya lilitoka katika milima hii: mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, alilipeleka kwa baba yake Ujerumani. Mwalimu mgeni huenda amelikuta kwenye dirisha la bibi yake. Mwanafunzi anayelipata likiota kwenye mwamba wenye ukungu, na kumwonyesha kwamba kwao ndiko hapa, ana la kusema.

Lakini tazameni njia. Mpaka Muheza ni lami na hakuna shida. Kutoka Muheza kupanda ni barabara ya vumbi, kona kali na miinuko, na kosta iliyojaa ikikutana na utelezi inaanza kurudi nyuma. Masika, Machi hadi Mei, msiende. Vuli, Oktoba hadi Desemba, pigeni simu siku moja kabla, mkumbuke pia kwamba milima hii hupata mvua hata miezi ambayo Tanga ni kavu. Agosti na Septemba ndiyo miezi yetu. Dereva awe ameshaipanda njia hiyo. Bei nafuu ya dereva mgeni wa mlima isiwashawishi.

Kwenda na kurudi siku moja kunawezekana kwenye karatasi tu. Ukihesabu saa tatu za kupanda na karibu hizo hizo za kushuka, nusu ya mchana inaishia barabarani, na mkichelewa mnarudi gizani, jambo ambalo halifai kabisa kwa msafara wa watoto. Laleni usiku mmoja. Nafasi za kulala ni chache, ndiyo maana tunasema watoto 20 hadi 25, klabu ya Kiingereza au mchepuo wa baiolojia. Usiku kuna baridi ambayo mtoto wa Tanga hajaizoea. Kila mmoja awe na sweta na shuka, na mwenye selimundu asiende bila ushauri wa daktari wake, kwa kuwa baridi, uchovu na kukosa maji ndivyo vinavyomwamsha maumivu.

Faida kubwa ya Amani kwa lugha ni jioni. Saa moja usiku watoto wamekula, hakuna televisheni, na mgeni yupo. Mazungumzo ya saa hiyo hayapangwi na karatasi yoyote.

Zile nyingine

Pangani ina historia nzito, kuanzia biashara ya utumwa hadi Abushiri aliyenyongwa huko Desemba 1889, ila kuiunganisha na Tongoni kwa siku moja kunaharibu zote mbili. Chagueni moja. Saadani ni hifadhi ya taifa tangu 2005. Wanyama mnawatazama kutoka ndani ya gari, na ndani ya gari mazungumzo ni ya watu wawili wawili tu. Kwa Kiingereza hailipi gharama yake. Bagamoyo, pamoja na Kaole, misheni ya 1868 na chuo cha sanaa, ni ziara nzuri mno kwa shule za huko. Kutoka Tanga mnazunguka kwa Segera na Msata, si safari ya kutwa.

Chakula na maji

Kwa watoto 45, maji lita moja na nusu kila mmoja ni lita 67 na nusu. Bebeni madumu manne ya lita 20 ya maji yaliyochemshwa, na kila mtoto awe na chupa yake. Chakula kisiwe wali wa nazi. Ukipikwa saa kumi alfajiri na kufunikwa ungali moto kwenye ndoo, saa saba mchana umechacha, na mtajua jioni. Chapati mbili, yai la kuchemsha na machungwa mawili kwa kila mtoto vinatosha: chapati 90, mayai trei moja na nusu, machungwa 90. Wa Amani wakate machungwa kwenye bajeti ya Tanga, wayanunue Muheza barabarani. Ongezeni sehemu tano juu ya idadi, kwa ajili ya dereva, utingo na muongozaji. Mfuko wa dharura uwe asilimia kumi ya bajeti, ashike mtu mmoja, mbali na fedha nyingine.

Kama mna ziara moja tu mwaka huu

Kidato cha kwanza na cha pili: mjini, na fedha iliyobaki iwapeleke Tongoni muhula unaofuata. Darasa kubwa la kidato cha pili au cha tatu, mwalimu mgeni ambaye bado hajazoea kuongoza watoto wengi: Tongoni. Kidato cha tatu chenye walimu wanne wanaokubali kusimamia ule mnyororo wa makundi: Amboni. Walimu wakiwa wawili tu, Amboni iacheni, hata kama watoto wameililia. Klabu ndogo yenye fedha ya siku mbili na dereva wa mlimani: Amani, mwezi wa nane.

Tengeni kipindi cha kwanza cha kesho yake kwa ajili ya ziara hiyo, msikisubirishe wiki. Mwalimu mgeni asimame mbele na kusimulia alichokielewa kutoka kwao, dakika kumi, bila karatasi. Makosa atakuwa nayo, ya kweli, kwa sababu alielezwa na watu 45 kwa haraka. Akisema yale mashimo ya Tongoni yalikuwa ya kuwekea taa, mtoto aliyeingiza mkono wake humo jana hatakaa kimya.